Uchumi wa Nchi kwa Asiyesomea Uchumi: Shika Mwaka Mmoja Uufuate

Wengi wanaotaka kuelewa uchumi wa nchi huanza na kitabu cha chuo. Wanasoma sura ya kwanza, ya pili, wanakutana na mistari inayopanda na mistari inayoshuka, inakatana katikati, kisha kitabu kinarudi kabatini. Akili zao hazina kasoro. Kasoro ni kwamba kitabu kinazungumzia nchi isiyo na jina, isiyo na masoko ya Kampala kama Owino wala Kikuubo, ambayo watu wake hawanunui sukari.

Mimi nashauri njia nyingine: chagua mwaka mmoja ulioiumiza nchi yako, uufuate mwezi kwa mwezi mpaka uelewe nani alifanya nini na kwa nini. Uchumi mpana una vipande vichache tu: bei, riba, thamani ya shilingi, mapato na matumizi ya serikali, biashara na nchi za nje, na uzalishaji. Kila kimoja ukikiangalia peke yake si kigumu. Kazi ipo kwenye kuona jinsi kimoja kinavyokivuta kingine, na mwaka wa shida huvivuta vyote kwa pamoja, mbele ya macho. Kwa Uganda mwaka huo ni 2011.

Vifaa: daftari, kalamu, simu yenye kikokotoo na bando la kupakua majedwali. Tenga saa mbili kwa wiki. Nyaraka zote utakazohitaji ni za bure, kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu, yaani UBOS, Benki Kuu ya Uganda na Wizara ya Fedha. Zimeandikwa kwa Kiingereza kizito, lakini ruka maneno uende kwenye majedwali. Namba hazina lugha.

Hatua ya 1: Tenganisha bei na kasi ya bei

Usipite hapa mpaka pakuingie. Nusu ya mabishano ya uchumi unayoyasikia redioni na kwenye vigenge vya boda hutokana na watu wawili kuchanganya vitu hivi viwili.

Chukua kilo ya sukari ya shilingi 4,000. Mwaka mmoja baadaye ni 5,200. Ongezeko ni 1,200, ukigawa kwa 4,000 unapata asilimia 30. Mwaka unaofuata inafika 5,460. Ongezeko sasa ni 260, ukigawa kwa 5,200 unapata asilimia 5. Waziri atasimama aseme mfumuko wa bei umeshuka kutoka asilimia 30 hadi 5, na hatakuwa amedanganya. Mama mwenye kibanda atasema sukari imezidi kupanda, naye hatakuwa amedanganya. Mfumuko wa bei ni kasi. Kasi ikipungua, bei bado zinapanda, ila polepole. Ili sukari irudi 4,000, mfumuko ungelazimika kwenda chini ya sifuri, na hilo kwa nchi nzima hutokea mara chache mno.

Jaribu mwenyewe upande wa mshahara. Mtu alipokea shilingi 500,000 kwa mwezi, bosi akamwongeza asilimia 10, sasa anapokea 550,000. Mwaka huohuo bei zimepanda asilimia 30. Gawa 550,000 kwa 1.3. Utapata kama 423,000. Mkononi fedha zimeongezeka, sokoni zimepungua. Wanauchumi husema mshahara wa jina umepanda na mshahara halisi umeshuka. Kuanzia leo, ukiona namba yoyote ya fedha inayolinganishwa na ya mwaka mwingine, swali lako la kwanza liwe: ni ya jina au ni halisi?

Ukiwa na mzee nyumbani, muulize kuhusu 1987. Miaka hiyo bei zilikuwa zikipanda kwa zaidi ya asilimia 100 kwa mwaka, na Mei 1987 serikali ilileta shilingi mpya: mia moja za zamani zikawa moja mpya, na juu ya hapo kila aliyebadilisha akakatwa asilimia 30. Watu waliokuwa na akiba ya noti nyumbani hawakusahau. Ndiyo maana mpaka leo kuna wazee wanaoamini ng'ombe na kiwanja kuliko noti, na hawana makosa kiasi hicho.

Hatua ya 2: Soma jedwali la bei mpaka uligawe mwenyewe

Mwisho wa kila mwezi UBOS hutoa fahirisi ya bei za walaji. Pakua la mwezi uliopita. Bei za kipindi cha 2016/17 zimehesabiwa kuwa 100, kwa hiyo ukiona 135 maana yake ni kwamba kapu lililonunuliwa kwa shilingi 100 wakati ule sasa linahitaji 135.

Kilicho kizuri katika jedwali hili ni kwamba bei zimetengwa katika makapu matatu. Kapu la kwanza ni mazao ya chakula, yaani matooke, maharage, nyanya, matunda. Hupanda mvua isiponyesha na hushuka msimu ukiwa mzuri. La pili ni nishati, mafuta na huduma kama umeme na maji. Hufuata bei za dunia na hali ya barabara kutoka Mombasa. La tatu ni yote yaliyobaki: nguo, ada, kodi ya nyumba, nauli, sabuni, kinyozi. Hili ndilo linaloitwa mfumuko wa msingi.

Benki Kuu hulenga mfumuko wa msingi uwe karibu asilimia 5. Kwa nini isilenge yote? Kwa sababu haina uwezo wa kuleta mvua. Nyanya zikiharibiwa na ukame Kasese, hakuna riba itakayozifufua. Lakini kinyozi, mwenye nyumba na muuza nguo wote wakipandisha bei kwa pamoja, hapo tatizo si nyanya tena. Fedha zenyewe zinapoteza thamani, na hilo Benki Kuu inaweza kulifanyia kazi.

Tengeneza kapu lako pia. Andika bei za vitu sita au saba unavyonunua kila wiki, mfano sukari, posho (unga wa mahindi), mafuta ya kupikia, sabuni, nauli ya kwenda mjini, lita ya petroli, rolex ya barabarani, yaani chapati iliyokunjwa na mayai. Siku ileile ya mwezi, duka lilelile. Baada ya miezi michache utagundua kapu lako halifanani na la UBOS, na ni sawa kabisa: lao ni wastani wa nchi, lako ni la mtu mmoja anayekula rolex.

Hatua ya 3: Ingia 2011

Sasa kaa hapa kwa wiki kadhaa. Gawa ukurasa wa daftari safu nne: mfumuko wa bei, riba ya Benki Kuu, dola kwa shilingi, na yaliyotokea. Miezi iende chini, kuanzia Januari 2011 hadi Desemba 2012. Ujaze mwenyewe kutoka majedwali ya zamani ya UBOS na Benki Kuu. Nitakupa mifupa tu.

Mwanzoni mwa 2011 kulikuwa na uchaguzi mkuu, na matumizi ya serikali yalikuwa yamepanda. Ukame ulikuwa umepunguza chakula Afrika Mashariki. Mafuta yalikuwa ghali duniani. Aprili, mwanasiasa wa upinzani Kizza Besigye na wenzake walianza maandamano ya kutembea kwa miguu kwenda kazini kupinga bei za chakula na mafuta. Shilingi nayo ilikuwa ikiteleza: dola iliyouzwa karibu 2,300 Januari ilikaribia 2,900 mwezi wa Septemba. Oktoba mfumuko wa bei ulipita asilimia 30.

Kabla ya kuendelea, simama kwenye dola. Mfanyabiashara wa Kikuubo anayeagiza kontena la dola 20,000 alihitaji milioni 46 kwa bei ya Januari. Kwa bei ya Septemba, kontena lilelile, bidhaa zilezile, ni milioni 58. Milioni 12 hizo lazima zitoke mahali, na mahali penyewe ni mfuko wa mteja. Kwa hiyo shilingi ikidhoofika, bei za vitu vya nje hupanda, na watu wakiona bei zinapanda hukimbilia kununua dola kabla mambo hayajaharibika zaidi, na shilingi ikadhoofika tena. Chora mshale kutoka safu ya dola kwenda safu ya bei, na mwingine unaorudi. Huo mshale wa kurudi ndio wanauchumi wanaouogopa kuliko yote, maana unaendeshwa na woga wa watu na hauhitaji ukame wala vita.

Benki Kuu ilifanya nini? Julai 2011 ilianza utaratibu mpya: kutangaza riba yake kuu, ambayo benki za biashara huifuata zinapopanga riba za mikopo. Ilianza na asilimia 13. Ikapandisha, ikapandisha tena, na Novemba ilikuwa 23. Riba za mikopo kwa wateja zilipita asilimia 25. Mwenye mkopo wa milioni 50 aliyekuwa akilipa riba ya asilimia 18, sawa na milioni 9 kwa mwaka, akijikuta kwenye asilimia 27 alitakiwa kulipa milioni 13 na nusu. Januari 2012 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kupinga riba hizo.

Hapa ndipo anayeanza hukwama, kwa hiyo twende polepole. Watu wanalia bei zimepanda, na Benki Kuu inajibu kwa kufanya mikopo iwe ghali. Inaonekana kama ukatili. Fuata mishale. Mkopo ukiwa ghali, anayetaka kujenga anaahirisha, anayetaka kuagiza kontena la pili anangoja, anayetaka kununua gari kwa mkopo anaendelea kupanda taksi. Fedha zinazokimbilia bidhaa chache zinapungua, na muuzaji anayetaka kupandisha bei anaogopa kubaki na mzigo. Huo ni mshale wa kwanza. Wa pili unapita kwenye dola: mwenye fedha anapoona dhamana za serikali za shilingi, yaani karatasi za kuikopesha serikali, zinalipa zaidi ya asilimia 20, anauza dola zake anunue shilingi, na shilingi inapata nguvu. Wa tatu ni wa imani. Watu wakiamini Benki Kuu haitarudi nyuma, wanaacha kupandisha bei kwa kukisia.

Dawa ilifanya kazi. Kufikia mwisho wa 2012 mfumuko ulikuwa karibu asilimia 5, na riba ya Benki Kuu ilikuwa imeshushwa hadi 12. Gharama nayo ilikuwepo: ukuaji wa uchumi ulipungua, na kuna waliofunga biashara ambao hawakuhusika hata kidogo na kilichosababisha tatizo. Ukisoma maelezo ya wakati ule utakuta wanauchumi wanabishana kama 23 ilikuwa kubwa mno. Mimi naona ilikuwa lazima, kwa sababu asilimia 30 ilikuwa inaelekea kuzoeleka, na kikishazoeleka kutoa ni kazi. Lakini mwenye duka lililofungwa ana haki ya kuona vingine. Jaza safu zako ndipo uamue.

Hatua ya 4: Linganisha na 2022

Mwaka mmoja ukiuelewa, wa pili huchukua muda mfupi. Januari 2022 madereva wa malori waligoma mpakani Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya lazima vya korona. Foleni ikaenda kilomita nyingi, matangi ya mafuta hayakuingia, na sehemu nyingine lita ya petroli ikafika shilingi 10,000. Bei ilikuwa kama mara mbili ya kawaida.

Riba ya Benki Kuu wakati huo ilikuwa asilimia 6.5. Je, waliipandisha? Hapana. Malori yakianza kutembea bei itashuka yenyewe, na kweli ilishuka. Riba haifungui mpaka.

Ila mwezi uliofuata vita vya Ukraine vikaanza, na mafuta, ngano na mafuta ya kupikia vikapanda dunia nzima. Sabuni ikapanda, nauli ikapanda, mkate ukapanda. Mwanzo ulikuwa kwenye kapu la nishati, kisha ukaingia kapu la msingi. Ndipo Juni Benki Kuu ikapandisha riba, na kufikia Oktoba 2022 ilikuwa asilimia 10. Mwezi huohuo mfumuko ulifika kilele cha asilimia 10.7, halafu ukaanza kushuka, na mwisho wa 2023 ulikuwa chini ya asilimia 3.

Zoezi: weka kurasa mbili mkabala, 2011 na 2022. Kwa nini riba ya 10 ilitosha mara hii wakati mara ile ilihitajika 23? Andika sababu zako. Anza na shilingi: mara hii haikuporomoka kama 2011.

Hatua ya 5: Bajeti, mistari michache tu

Mwaka wa fedha wa Uganda huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, na hotuba ya bajeti husomwa katikati ya Juni. Usiisome hotuba yote. Nenda kwenye jedwali la vyanzo vya fedha.

Bajeti ya 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 72.4. Trilioni moja ni milioni mara milioni. Katika hizo, mapato ya ndani yalitegemewa kuwa kama trilioni 37. Gawa: ni asilimia 51. Kwa kila shilingi 100 ambazo serikali ilipanga kutumia, 51 ndizo ilizotarajia kukusanya kwa kodi na ada. Karibu trilioni 11 zingekopwa ndani ya nchi, nyingine nyingi zingetoka nje kwa miradi, na karibu trilioni 10 zilikuwa za kulipa deni la ndani lililoiva kwa kukopa upya. Hizi za mwisho hazijengi barabara wala hospitali. Ni deni jipya linaloingia mahali pa deni la zamani. Mtu akikuambia bajeti ni trilioni 72, toa hizo kwanza ndipo uulize zilizobaki zinakwenda wapi.

Kukopa ndani kunahusu vipi mwenye duka? Benki ya biashara ina shilingi bilioni moja. Inaweza kumpa serikali kwa hati fungani, yaani karatasi ya mkopo wa miaka kadhaa, ilipwe riba nzuri bila wasiwasi, au iwakopeshe wafanyabiashara ishirini wa Mbale, watano kati yao wachelewe kulipa. Ungekuwa meneja ungefanya nini? Serikali ikikopa sana ndani, wakopaji wadogo husukumwa nje ya mlango. Chora mshale kutoka bajeti kwenda riba. Wewe nawe unaweza kumkopesha serikali: hati fungani huanzia shilingi 100,000 kupitia akaunti inayofunguliwa kwenye benki yako. Sikusihi ununue. Lakini aliyeweka hata kidogo hufuatilia taarifa za riba kwa umakini usio wa kawaida.

Na kwa nini serikali isichapishe tu? Ilishachapisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 pengo la bajeti lilikuwa likizibwa na Benki Kuu, na bei zikaruka tena. Mwaka 1992 Wizara ya Fedha na ile ya Mipango ziliunganishwa chini ya katibu mkuu Emmanuel Tumusiime-Mutebile, na sheria ikawa kutumia kilichokusanywa tu. Miaka michache baadaye mfumuko ulikuwa chini ya asilimia 10. Katiba ya 1995 ikaongeza, katika ibara ya 162, kwamba Benki Kuu isiamrishwe na mtu yeyote katika kazi yake. Tumusiime-Mutebile huyohuyo alikuja kuwa gavana 2001, na ndiye aliyekuwa kwenye kiti 2011 riba ilipofika 23.

Hatua ya 6: Dola, kahawa na mpaka

Dola huingia nchini kwa milango michache: mauzo ya nje kama kahawa na dhahabu, watalii, fedha wanazotuma ndugu walioko ng'ambo, misaada na mikopo, na wawekezaji. Hutoka tunaponunua mafuta, magari, mashine, dawa, na tunapolipa madeni. Zikiingia nyingi kuliko zinazotoka, shilingi hupata nguvu.

Kahawa ndiyo njia nzuri ya kuliona hili. Mwaka 1994 baridi kali iliharibu mibuni Brazil, bei ya dunia ikaruka, na mkulima wa Masaka akavuna faida ya baridi ambayo hakuiona. Jambo kama hilo limerudi. Ukame katika Brazil na Vietnam ulipandisha bei, na katika mwaka wa fedha 2024/25 kahawa iliingizia Uganda zaidi ya dola bilioni 2. Shilingi ikasimama vizuri. Mwenye kununua kontena akafurahi. Muuza maua anayelipwa kwa dola na kulipa vibarua kwa shilingi hakufurahi. Ukisikia mtu anasema shilingi imara ni nzuri, muulize: kwa nani?

Halafu kuna biashara isiyopita kwenye karatasi. Ukiwa Busia, umeona baiskeli zinazovuka na magunia ya mahindi, akina mama wenye vitenge kichwani, mikungu ya ndizi inayopita njia za panya. UBOS na Benki Kuu hufanya utafiti maalumu wa biashara hii, wahesabuji wakikaa mpakani na kuandika kinachopita, kwa baiskeli, kwa mkokoteni, kwa kichwa. Bila hao, biashara yetu na Kongo na Kenya ingeonekana ndogo kuliko ilivyo. Na mpaka ukifungwa, namba husema haraka: Rwanda ilipofunga mpaka wake nasi pale Katuna Februari 2019 mpaka mwishoni mwa Januari 2022, mauzo ya Uganda huko karibu yakauke.

Hatua ya 7: Pato la Taifa, sasa ndiyo zamu yake

Vitabu huanza hapa. Mimi nimeliweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu halionekani wala haliguswi mpaka uwe umeshika vipande vingine. Pato la Taifa ni thamani ya vyote vilivyozalishwa nchini kwa mwaka. Kwa 2024/25 lilikadiriwa kuwa kama trilioni 226. Sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9. Gawa: kama milioni 4.9 kwa kila mtu kwa mwaka, karibu shilingi 410,000 kwa mwezi, mtoto mchanga na bilionea wa Kololo wakiwa kwenye kapu moja. Usiligeuze kuwa mshahara wa mtu.

Matooke unayopanda na kula nyumbani yamehesabiwa humo, kwa makadirio. Kupika, kufua na kulea watoto bila malipo havimo. Huo ni uamuzi wa kimataifa, na binafsi naona unawanyima wanawake wetu nusu ya kazi yao, lakini jua upo.

Ukisikia uchumi umekua asilimia 6, fanya mambo mawili. Hakikisha ni ukuaji halisi, bei zikiwa zimeondolewa. Kisha toa ongezeko la watu, ambalo kwa Uganda ni karibu asilimia 3 kwa mwaka. Kinachobaki, kama asilimia 3, ndicho kilichoongezeka kwa kila kichwa, na bado hujauliza kiligawanywa vipi.

Halafu shika hili, maana linawashinda hata watu wenye akili nzuri ya biashara. Matumizi ya mmoja ni mapato ya mwingine. Mfanyabiashara mmoja akibana matumizi ataokoa. Wote wakibana mwezi mmoja, mauzo ya wote yanashuka na hakuna aliyeokoa. Machi 2020 nchi ilipofungwa, dereva wa taksi hakununua chakula kwa mama ntilie, mama ntilie hakununua mkaa, muuza mkaa hakulipa kodi ya chumba. Ukuaji mwaka huo wa fedha ulishuka hadi karibu asilimia 3. Kinachofaa kwa nyumba moja hakifai lazima kwa nyumba milioni kumi zikikifanya kwa pamoja, na ndiyo sababu somo hili likatengwa na hesabu za duka.

Hatua ya 8: Tabiri kwa maandishi

Benki Kuu hutangaza riba yake mara kadhaa kwa mwaka, kwa tarehe zinazojulikana mapema. Tangu Oktoba 2024 na mwaka mzima wa 2025 iliishikilia kwenye asilimia 9.75. Siku moja kabla ya tangazo, andika kwenye daftari: watapandisha, watashusha, au wataacha? Kwa sababu gani? Mistari mitatu inatosha, lakini lazima sababu ipite kwenye mishale yako. Kisha soma taarifa yao ulinganishe.

Kukosea jibu si tatizo, kwani hata wao hukosea makadirio yao. Angalia ulichokisahau. Kama wewe ulitazama chakula na wao walizungumzia bajeti ya uchaguzi, umegundua safu unayoipuuza. Kubishana na mtu mwingine kunasaidia kuliko kusoma peke yako, hasa mtu anayefanya kazi inayotegemea namba hizi: mwenye duka la kubadilisha fedha, dereva wa malori ya Mombasa, mhasibu wa SACCO. Muulize anaona nini kabla hakijafika kwenye jedwali. Dereva hujua bei ya mafuta ya wiki ijayo kabla ya UBOS.

Ukishatabiri mara kadhaa, rudi kabatini ukakitoe kile kitabu cha chuo. Usianze sura ya kwanza. Fungua sura ya fedha na benki kuu, kisha ya mfumuko wa bei, kisha ya biashara ya nje, na kila mstari unaopanda au kushuka uandikie pembeni kwa penseli mwezi na mwaka wa Uganda unaofanana nao. Sura za mifumo mizito ya hesabu ziache mpaka ukwame kwenye swali ambalo mishale yako haiwezi kulijibu.